Nyayo za Kwenda Tu

Juu ya Korongo la Mapichi,
kupitia Kaibito, Arizona.
Januari, 2023.

Mdogo wangu Lorita, mtoto wa mama yangu,

Salamu nyingi zikufikie hapo Shiprock, na zikukute umekaa karibu na jiko, si dirishani, maana nakujua. Kifua chako kimepoa? Ile dawa ya kunywa na maji ya moto unaendelea nayo, au umeiacha ulipoona nafuu kidogo kama kawaida yako? Usiache, Lorita. Baridi ya mwaka huu haina adabu.

Msalimie sana shemeji yangu, Shemasi Emerson. Mwambie sauti yake ya kuimba bado tunaizungumza huku. Ile asubuhi aliyoimba uani, mbuzi wa ng'ambo ya bonde waliinua vichwa wote kama walioitwa. Mume wangu Wilford anasema kanisa lenu halina haja ya kengele. Msalimie Darlene na mumewe, na kile kichanga ambacho sijakiona. Amekwisha cheka? Nani alimchekesha kwanza, na je, amewagawia watu chumvi ya kicheko cha kwanza kama inavyopasa, au siku hizi mnaona ni mambo ya kizamani? Msalimie Raymond huko jeshini, aambiwe avae soksi mbili. Msalimie na mama mkwe wako. Magoti yake na magoti ya Wilford ni ndugu. Yakikutana yataanzisha ukoo.

Huku kwetu, Wilford anakusalimu. Hashuki tena farasi bila kutukana, lakini mzima. Charlene binti yangu anakusalimu, bado anaendesha basi la shule mpaka Kaibito, na ndiye atakayeipeleka barua hii posta bila kujua kilichomo. Mjukuu wetu Shandiin anakusalimu kwa pengo. Jino la mbele limetoka na sasa kila neno lenye "s" linapuliza upepo. Kondoo wanakusalimu, wengi wana mimba. Yule farasi mzee anakusalimu. Hata mbwa, Kahawa, yuko hapa nje ya mlango ninapoandika, ameweka kidevu juu ya miguu. Hao ndio wote wanaokusalimu leo.

Mimi ni mzima wa mwili. Nakula. Usingizi ndio unakuja na kuondoka kama mgeni asiyejua kama amekaribishwa.

Utauliza kwa nini sikukupigia simu. Kwanza, ili simu ishike lazima nipande kilima cha tangi la maji, na huko juu hakukosi mtu ananong'ona na mchumba wake; ukisema jambo asubuhi, jioni limefika mjini Page. Pili, jambo lenyewe halitaki kukaa mdomoni mwangu. Mama alikuwa akisema neno likishatamkwa linaota miguu. Kalamu haina mdomo. Kwa hiyo nimekaa na hizi herufi ulizonifundisha wewe mwenyewe kwa kijiti mchangani, kila kiangazi uliporudi kutoka shule, mimi nikiwa na kondoo na wewe na viatu vyako vya ngozi. Mpaka leo naandika "k" imegeuka, utanisamehe.

Ulipokuja vuli iliyopita kila mtu alikuwa anasema kwa wakati mmoja, hukupata kusikia habari tangu mwanzo. Ngoja nikupangie.

Unajua kwamba mwanangu, mwenye Kahawa, alikuwa nyumbani tangu ule mtambo wa umeme ulipofungwa. Mtu aliyezoea kuamka na king'ora akaanza kuamka bila sababu. Alikaa mezani akigeuza kikombe. Sikumwona akinywa pombe, watu wakikwambia hivyo wakatalie. Alikuwa anakunywa kahawa mpaka mbwa akapewa jina. Halafu mwaka jana ziwa likazidi kushuka. Likashuka, likashuka, mpaka kule korongoni, mahali ambapo watalii walikuwa wakipita na mashua zao, pakatoka mawe ya nyumba ya Bibi iliyozama tulipohamishwa. Alipopata habari hiyo uso wake ulibadilika. Akamwambia baba yake, "Mzee, shamba la Bibi limerudi." Wilford akamjibu kwamba lililorudi ni tope, na Bibi mwenyewe angelikataa kulipokea. Kijana akacheka. Akasema atapanda mapichi kule kama zamani, na chemchemi ya Bibi ataichimbua. Wilford akasema mapichi hayo yakizaa yeye atakuwa hana meno. Naye akamwambia, "Basi nitakupondea."

Hilo ndilo neno la mwisho waliloambiana, Lorita. Nitakupondea.

Ilikuwa wakati wa kuokota njugu za misonobari. Aliondoka asubuhi kwa miguu, beleshi begani, mikate na nyama ya kondoo katika kopo la majani ya chai, mbwa mbele yake. Alimwambia Charlene huenda akapitia huko huko mpaka barabarani, akalale kwa rafiki yake. Kwa hiyo jioni hatukushtuka. Jioni ya pili Kahawa akarudi peke yake. Alikuwa na tope kifuani mpaka chini ya kidevu, limekauka na kupasuka kama chungu kibovu. Nilimwosha mimi mwenyewe. Lilikuwa gumu kutoka.

Polisi walikuja na mashua kwa upande wa ziwa. Ikakwama kwenye tope mdomoni mwa korongo, wakapiga kelele kwa kile kipaza sauti chao, wakarudi. Yule askari kijana, mtoto mzuri tu, ana watu wake Chinle, akatuambia kwa upole kwamba mtu mzima akitaka kupotea ni haki yake. Wilford akamwambia, "Huyu wangu hata akienda chooni huaga." Asubuhi iliyofuata wanaume walikuwa wanatandika farasi washuke kwa njia ya mbuzi, ndipo yule mama anayeuza mikate sokoni Kaibito akaja mbio na habari kwamba mpwa wake kamwona Flagstaff, kwenye kituo cha mafuta, kofia nyeusi, anaomba lifti ya kwenda kusini. Wanaume wakafungua matandiko. Nakwambia kweli, hata mimi nilishukuru. Tuliinywa ile habari kama supu.

Tangu siku ile Wilford anaishi kwa kofia hiyo nyeusi. Kila jioni anataka sahani moja ya ziada iwekwe mezani. Shandiin anaifunika kwa kitambaa. Asubuhi chakula kinakwenda kwa mbwa, na Wilford anaangalia pembeni.

Lakini Kahawa hakuisikia habari ya Flagstaff. Kila asubuhi anaondoka, anafuata ukingo, anashuka njia ya mbuzi. Jua likizama anarudi. Shandiin anamcheka eti Kahawa amepata kazi serikalini, anakwenda kila siku na haleti mshahara. Mimi nilikuwa nacheka pamoja naye. Nilicheka mwezi mzima, mwezi wa pili nikacheka kidogo, mwezi wa tatu nikaacha.

Wiki iliyopita theluji ilikatika, kukacha na jua kali lisilo na joto, ardhi imekaza kama mfupa. Nyoka wamelala. Nikajiambia, leo. Nikamwambia Wilford kuna mbuzi mmoja hajarudi, nakwenda kumtazama ukingoni. Akaniambia katika umri wangu mbuzi ndiye angepaswa kunitafuta mimi. Shandiin akaniuliza kwa pengo lake, "Bibi, leo unamsindikiza Kahawa kazini?" Nikamwambia ndiyo, nikaone bosi wake ni mtu wa namna gani.

Unazikumbuka zile ngazi za Babu alizozichonga kwenye mwamba? Bado zipo, ila zina barafu. Nilizishuka kwa makalio kama mtoto, sketi yote imelowa. Kahawa alikuwa anashuka, anasimama, anageuka kunitazama, kama anasema hivi huyu mzee anakuja au haji. Chini kule, Lorita, usingepajua. Kuta zote zina ule weupe ulioachwa na maji, juu kabisa, juu kuliko mnara wowote wa kanisa, na wewe unatembea chini yake kama mdudu kwenye kikombe kilichonywewa. Ile mipamba-mwitu ya Babu imesimama bado, imekufa zamani, ya kijivu, haina gome. Na takataka za watalii: kiti cha plastiki kimekaa wima katikati ya korongo kama kinamngoja chifu, nanga, miwani ya jua. Kahawa akanusa kiti akakikojolea. Nilicheka peke yangu, halafu nikaogopa sauti yangu ilivyorudi.

Maji hayakuondoka yote. Yameacha maziwa madogo, moja nyuma ya lingine, kila kona na lake. La kwanza lilikuwa limeganda, nililipita pembeni nikishika mwamba. Ng'ambo yake ndipo kwa Bibi.

Nilikuwa mdogo sana tulipohama, wewe ulikuwa mgongoni. Lakini nakumbuka wale watu wenye karatasi walivyomwambia Bibi maji yatakuja, akawauliza maji ya nani, wakasema ya watu wote. Bibi akasema, "Basi watu wote wayanywe huko huko yaliko." Mawe ya nyumba yake bado yamekaa duara, mlango unatazama mawio. Visiki vya mapichi vimepanga mstari. Na pembeni ya visiki, mdogo wangu, kuna mstari mwingine. Vilima vidogo vya udongo, kila kimoja kimezungushiwa vijiwe, kwa nafasi sawasawa. Nikapiga magoti nikafukua kimoja kwa kidole. Kokwa ya pichi. Alikuwa amezihifadhi, sijui tangu kiangazi kipi, sijui mfukoni mwa koti lipi, mimi ninayemfulia sikuziona. Nikairudisha nikaifunika.

Kwa hiyo alifika. Hilo nililijua hapo. Alifika, alifanya kazi yake, na aliifanya vizuri.

Kahawa hakusimama kwenye mapichi. Aliendelea. Unakumbuka mama alivyotuelekeza chemchemi ya Bibi ilipokuwa: unapita bonde linapobana, unakunja kona, unaikuta inatiririka ukutani. Kati ya nyumba na kona hiyo kuna ziwa la pili, dogo, na pembeni yake tope ambalo vuli lilikuwa laini na sasa limekauka na kuganda. Na juu ya tope hilo kuna nyayo.

Ni zake. Buti la kushoto limelika upande wa nje kama la baba yake, siwezi kukosea, nimewapangia buti zao mlangoni miaka yote. Pembeni mwake nyayo za mbwa, wanakwenda pamoja, mbwa mara kushoto mara kulia, mtu moja kwa moja. Hatua za mtu asiye na haraka. Mahali pamoja alisimama, visigino pamoja, nadhani alikuwa anatazama juu. Nilisimama hapo na mimi nikatazama juu. Anga lilikuwa jembamba kama utepe wa nywele.

Kabla ya kona, beleshi lake. Limeegemezwa kwenye mwamba, kopo la majani limening'inizwa kwenye mpini kwa kamba ya kiatu. Lorita, nataka ulijue hili na umwambie shemeji, kwa sababu watu wana midomo: mtu anayeegemeza beleshi vizuri hivyo anakusudia kulirudia. Alikwenda tu kutazama kama maji ya Bibi bado yapo, ndipo arudi achimbue. Hakuna kingine alichokwenda kufanya.

Kutoka kwenye beleshi nyayo zinaendelea kukunja kona. Zinazidi kuzama. Mwanzo unaona kisigino na vidole, halafu shimo la kifundo, halafu mashimo tu. Ng'ambo ya kona kuna ziwa la tatu, nililisikia, barafu yake ilikuwa inalia taratibu. Nyayo za mbwa zinakwenda na zinarudi. Za kurudi zimetawanyika, kucha zimefunguka, alikuwa anakimbia, na kifua kimeburuta. Za mtu zinakwenda tu. Nilitafuta upande huu, nikatafuta upande ule chini ya ukuta, nikasema labda aliruka akapita juu ya mawe. Pale pamebana, hakuna mawe ya kupitia. Zinakwenda tu.

Kahawa alilala chini mwisho wa nyayo zake mwenyewe, akaweka kidevu juu ya miguu, akatazama kona. Hakubweka. Ndiyo kazi yake hiyo ya kila siku, Lorita. Hiyo ndiyo ofisi.

Nilifungua mdomo nimwite. Mimi ni mama, mama huita. Jina likafika hapa kooni, nikaufunga mdomo. Kwa sababu kama yu hai miezi yote hiyo kule nyuma ya kona, angekwisha kuja. Na kama hayu hai, unajua tulivyolelewa: aliyekufa akiitwa kwa jina huja. Nikasimama hapo na jina kooni kama mfupa, na kona ilikuwa karibu kama kutoka kitandani mpaka mlangoni. Sikukunja. Sikutazama. Nilimvuta Kahawa kwa ngozi ya shingo na alilia njia nzima.

Sasa nakwambia nilichofanya baadaye, na ukikisoma utaelewa yote. Nilivunja tawi la mreteni. Nikarudi kinyumenyume kutoka kwenye kona, nikifuta kwenye vumbi la juu nyayo zangu na za Kahawa za siku ile, mpaka mwambani. Wewe ulisoma shule lakini hujasahau ni nani wanaofuta nyayo zao wakirudi, na wanarudi kutoka wapi: ni wazikaji, kutoka kaburini. Nilifuta bila kuamua. Mkono ulijua kabla yangu. Nilipofika ngazi za Babu nikatazama tawi mkononi, ndipo nikakaa chini.

Nyumbani nilijipaka majivu ya kujikinga kabla ya kuingia, nikampaka na mbwa. Wilford akauliza kwa nini mbwa ana majivu. Nikasema viroboto. Akasema, "Viroboto, katika baridi hii?" Kisha akauliza kama mbuzi nimempata. Nikamwambia sikuona mbuzi, sikuona chochote, ni tope tu na barafu na kiti cha plastiki. Nilimweleza kile kiti mpaka akacheka. Jioni akasema, "Charlene, sahani." Nikaiweka mimi. Niliipakulia nyama.

Umesoma salamu zangu huko juu na najua umekwisha ona nani hayumo. Umeona pia kwamba barua nzima sijaliandika jina lake. Sitaliandika tena. Nawe ukijibu usiliandike.

Usiniambie labda, mdogo wangu. Hilo neno nimelitumia mpaka limechakaa, halifuniki kitu.

Na sasa ninalokuomba. Redio inasema theluji ya mwaka huu kaskazini milimani haijaonekana kwa miaka mingi, watu wa mashua wanafurahi, ziwa litapanda majira ya kuchipua. Litarudi korongoni. Litafunika mapichi tena, na nyayo, na kona. Safari hii sitakuwa hai litakaposhuka. Wilford siwezi kumwambia, akijua atashuka mwenyewe kwa magoti yale, na hawezi kushuka wala hawezi kustahimili. Ndugu zetu wa huku hawatakunja kona hiyo, na siwalaumu, hata mimi sikuikunja na nilimzaa. Polisi watamtia katika mfuko wampeleke mjini wampasue. Umebaki wewe.

Watu wa serikali walipokuja kuchukua watoto wa kupeleka shule ya bweni, mama alinificha nyuma ya zizi akakutoa wewe. Nilikuona ukipanda lile gari. Miaka yote nilidhani mimi ndiye niliyebahatika. Lakini wewe huko walikukausha hofu hii, na leo unawaosha marehemu hospitalini kama unavyoosha vyombo, unawaimbia, unakwenda nyumbani na kula. Mimi sijui dini yenu kama ni kweli. Najua tu kwamba haikukatazi kukunja kona. Na kwa desturi yetu mtoto wa dada ni mtoto wako. Alikuita mama mdogo tangu alipojua kusema. Basi uwe mama yake mahali ambapo mimi nimeshindwa.

Njoo na shemeji. Leteni kamba ndefu na mbao pana za kulalia juu ya tope, msikanyage wala msiamini barafu. Shukeni kwa ngazi za Babu, makalio chini, usione aibu. Pita kwa Bibi, usikanyage vilima vyenye vijiwe. Nyayo zangu hamtaziona, lakini zake sikuzigusa, nilizizunguka. Zimeganda. Zifuateni hizo. Kahawa mwacheni atangulie, anajua. Mlazeni kama mnavyofanya nyinyi, huko juu ya mstari wa maji ya zamani ambapo ziwa halitafika, na mahali penyewe msinionyeshe. Mlichokiona msinieleze, hata nikiuliza, hata nikilia.

Ila shemeji aimbe. Mkimpata, aimbe wimbo wowote wa kwenu kwa ile sauti yake. Kuta zile zitaipandisha. Nitakuwa ukingoni na kondoo, nikijifanya nawalisha, na nitasikia. Sahani nitaiondoa siku hiyo, nitatafuta la kumwambia Wilford. Asipoimba, nitawarudisha kondoo zizini.

Charlene ndiye anayetusomea barua zinazoingia, mbele ya watu wote, kwa hiyo usiandike chochote cha haya. Andika tu kwamba unakuja kunisaidia kondoo wanaozaa. Maneno hayo tu. Wilford atasema mke wa shemasi anajua nini kuhusu kondoo, tutacheka, na mimi nitajua.

Funika kifua chako njiani. Wasalimie wote niliowataja, mmoja mmoja. Andika upesi, Lorita, siku unayoipata barua hii, usingoje Jumapili. Mchana jua limeanza kuwa na joto kidogo, na kwenye paa letu theluji imeanza kuyeyuka na kudondoka matone.

Mimi dada yako wa zizini,
Ilene